Jinsi ya kugeuza video za simu na kompyuta ziwe DVD inayokubali kwenye deki

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana hapa ndo wengi wanapokwama. Ukichukua faili la MP4 ukalidondosha kwenye DVD tupu ukachoma, ulichopata ni diski ya data, yaani umehifadhi faili kama ambavyo ungelihifadhi kwenye flashi, bado hujatengeneza DVD ya video. Ukiiweka kwenye kompyuta itacheza bila shida ukadhani kazi imeisha, alafu unaipeleka sebuleni kwenye deki inazunguka weee mwisho inakwambia diski haisomeki. Deki ni nzima na diski ni nzima, ila umeipa deki kitu ambacho haijawahi kufundishwa kukisoma.

Deki ya DVD sio kompyuta. Ndani yake kuna chipu iliyotengenezwa kufungua video ya aina moja iliyopangwa kwa mpangilio mmoja, na sheria zenyewe ni za miaka ya 1990, deki za kwanza zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Ile H.264, aina ya kubana video ambayo simu nyingi zinarekodia, ilikuja kukamilika 2003, na H.265 ni ya 2013. Sasa deki ya kawaida itaijulia wapi? Kwa hiyo kazi yetu yote hapa ni kuichukua video ya kisasa na kuiandika upya kwa lugha ambayo deki inaijua, na ukiwa unajua deki inataka nini hasa hizi programu zote unazoziona zinakuwa rahisi, maana zote zinafanya kitu kile kile zinatofautiana sura tu.

Deki inataka nini

Picha iwe MPEG-2, ndo aina ya kubana video ambayo deki inaijua. PAL na NTSC ni mifumo miwili ya TV. Kwa mfumo wa PAL picha iwe na ukubwa wa nukta 720 kwa 576 na fremu 25 (yaani picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde, kwa NTSC iwe 720 kwa 480 na fremu 29.97. Sauti iwe kwenye 48 kHz, na hapa angalia maana muziki mwingi uko 44.1 kHz na deki haiutaki hivo. Aina ya sauti ni AC-3, au PCM isiyobanwa, au MP2, mi nakushauri AC-3 siku zote kwa sababu MP2 kwenye diski ya NTSC deki hailazimiki kuisoma, na PCM inakula nafasi bure, inafika kama 1,500 kbps (kilobiti kwa sekunde) wakati AC-3 ya 192 kbps kwa sauti ya stereo inatosha kabisa kwa video ya nyumbani.

Alafu kuna kikomo cha bitireti, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya video. Picha peke yake isizidi 9,800 kbps na vyote kwa pamoja, picha na sauti na manukuu, visizidi 10,080 kbps. Hiki kikomo sio pendekezo, ukikivuka deki inaanza kuganda kwenye sehemu zenye vurugu nyingi kama watu wanacheza au maji yanamwagika, kwa sababu jicho lake la leza halisomi haraka kiasi hicho.

Mwisho ni mpangilio wa folda. Diski ya video ina folda inaitwa VIDEO_TS na ndani yake kuna faili za aina tatu tu: VOB ndo zenye picha na sauti zenyewe, IFO ni maelekezo ya deki ianzie wapi na sura (vipande vya video unavyoweza kurukia kwa rimoti) ziko wapi, na BUP ni nakala ya akiba ya IFO endapo diski imekwaruzika. Kila VOB haivuki GB 1 ndo maana video ndefu unaiona imekatwa vipande, usishtuke, deki inaviunganisha yenyewe. Na usije ukajaribu ule ujanja wa kubadilisha jina la faili kutoka mpg kwenda vob ukatupia kwenye folda, bila IFO deki haina pa kuanzia.

PAL au NTSC

Watu wanachagua hapa kwa kubahatisha alafu baadaye wanalalamika picha inaruka ruka. Angalia vitu viwili. Cha kwanza diski inaenda kuchezwa wapi. Deki na TV za nchi zilizotumia PAL kwa kawaida zinacheza NTSC pia bila tatizo, lakini deki za upande wa NTSC, mfano Marekani, nyingi zinagomea PAL. Kama unamtumia mtu wa huko tengeneza NTSC usifikirie mara mbili.

Cha pili, na mi naona ndo kikubwa zaidi, video yako asili ina fremu ngapi. Simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukiisukuma hiyo kwenye PAL ya 25 maana ake katika kila fremu sita moja inatupwa, na jicho linaona, hasa mtu akipita mbele ya kamera au kamera ikigeuka taratibu utaona picha inadunda dunda. Ukiipeleka NTSC ya 29.97 hakuna kinachopotea cha kuonekana. Kwa hiyo video ya fremu 30 au 60 ipeleke NTSC, ya 25 au 50 ipeleke PAL, hata kama uko kwenye nchi ya PAL ilimradi deki na TV inayolengwa inakubali NTSC. Ya fremu 24 ni ya katikati, ikienda PAL kwa kuongezewa fremu moja kila sekunde watu wengi hata hawaoni.

Kabla hujagusa kitu chochote fungua faili lako kwenye MediaInfo, ni programu ya bure, inakuonyesha kodeki (aina ya kubana iliyotumika), ukubwa wa picha, idadi ya fremu na kama fremu hizo zinabadilika badilika. Hilo la mwisho ni muhimu sana kwa video za simu. Simu ikiwa kwenye mwanga hafifu inapunguza fremu yenyewe kimya kimya, dakika hii 30 dakika ile 24, na deki haijui mambo ya fremu zinazobadilika, inataka namba moja mwanzo mpaka mwisho. Usipolishughulikia hili unapata ule ugonjwa wa sauti kuachana na mdomo, mwanzoni zinaenda sawa, ukifika nusu saa mtu ameshafunga mdomo sauti ndo inafika.

Na jambo jingine naomba ulichukulie kwa uzito: tumia faili la asili. Kila mara video inapobanwa upya inapoteza kitu na hakirudi. Video iliyopita kwenye WhatsApp imeshabanwa, ukiibana tena kwenda MPEG-2 unapata ukungu juu ya ukungu. Muombe aliyerekodi akupe faili lenyewe kwa flashi au kwa waya. Na ile tabia ya kugeuza MP4 kwenda AVI kwanza, alafu AVI kwenda MPEG, iache kabisa, nenda moja kwa moja mara moja tu.

Hesabu ya bitireti, usiiruke hii

Hapa ndo penye ubora wa diski yako. DVD ya kawaida ya tabaka moja imeandikwa 4.7 GB lakini kompyuta nyingi zitakuonyesha 4.38, ni diski ile ile, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ya tabaka mbili ni 8.5 GB. Nafasi hiyo haiongezeki. Ni sawa na kitambaa, ukishona nguo nyingi kwenye jora lile lile kila moja itatoka fupi, na video hivo hivo, dakika zikiongezeka kila sekunde inapata biti chache.

Kanuni yenyewe ni fupi. GB 4.7 ukizigeuza ni kama kilobiti 37,600,000, toa kidogo kwa ajili ya mpangilio wa diski na akiba, baki na 36,000,000. Gawanya namba hiyo kwa sekunde za video yako, jibu ni bitireti ya vyote, alafu toa 192 ya sauti, kinachobaki ndo bitireti ya picha.

Mfano video ya saa 2 ni sekunde 7,200. 36,000,000 gawanya kwa 7,200 unapata 5,000, toa 192 unabaki na kama 4,800 kbps. Hiyo ni picha nzuri tu. Video ya saa moja na nusu inakupa kama 6,470, hapo ni safi sana. Ya saa moja hesabu inakupa 9,808 lakini kumbuka kikomo, usiifuate hesabu, weka 8,000 uishie hapo, nafasi ikibaki ibaki. Mi binafsi sipendi kupita 8,000 hata kama sheria inaruhusu 9,800, kwa sababu diski za kuchoma nyumbani hazisomeki kwa wepesi kama zile za kiwandani na deki iliyochoka inahema.

Saa 3 inashuka mpaka kama 3,140, hapo utaanza kuona chenga kwenye majani ya miti na umati wa watu. Ukitaka kuweka saa 4 kwenye diski moja bitireti inashuka mpaka kama 2,300, na kwa ukubwa kamili wa picha hiyo haitoshi. Ila kuna njia halali ambayo wengi hawaijui, DVD inaruhusu pia picha ya 352 kwa 576 kwa PAL au 352 kwa 480 kwa NTSC, ila kwa video ya umbo la 4:3 tu, lile la TV za zamani. Picha inakuwa laini kidogo lakini chenga zinapungua sana kwa sababu biti zile zile zinagawiwa kwenye nusu ya nukta, na ukikaa mbali na TV afadhali ulaini kuliko chenga. Kwa ushauri wangu lakini, kama ni tukio la maana gawa diski mbili.

Kingine kinachosaidia mno ni kubana kwa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu inaitazama video yote bila kuandika chochote cha kudumu, inajua wapi pana vurugu na wapi mtu kakaa tu anaongea, alafu mzunguko wa pili ndo inagawa biti kwa haki. Muda unakaribia kuwa mara mbili, lakini ukiwa chini ya 5,000 kbps tofauti unaiona kwa macho. Iache usiku ifanye kazi.

Njia ya kubofya: DVDStyler

Kama hupendi kuandika amri pakua DVDStyler, ni ya bure na ipo kwa Windows, Mac na Linux, ichukue kwenye tovuti yake yenyewe maana tovuti za kupakulia programu zinapenda kukubandikia vitu ambavyo hujaomba. Ukianzisha mradi mpya inakuuliza maswali ambayo sasa unayajua majibu yake yote: ukubwa wa diski, PAL au NTSC, umbo la 4:3 au 16:9 (picha pana), sauti AC-3 au MP2. Bitireti unaweza kuiacha ijihesabie, inajitahidi, ila mi huwa naiandika mwenyewe.

Inafuata kuchagua menyu. Kama ni video moja tu chagua isiyo na menyu, diski ikiingia inaanza kucheza hapo hapo, wazee wanapenda hivo kwa sababu hamna kutafuta rimoti. Kama ni video kadhaa weka menyu yenye vitufe vikubwa na maandishi makubwa, na usiyasogeze maandishi pembeni kabisa, TV nyingi hasa zile za kichogo zinakata kingo za picha, acha kama sehemu moja ya kumi kila upande iwe tupu.

Buruta video zako mpaka chini kwenye mstari wa video, kila moja inakuwa kichwa chake, yaani video inayojitegemea kwenye diski. Ukiingia kwenye sifa za video unaweza kuweka sura, weka kila dakika tano au kumi, tafadhali usizisahau, hakuna kinachoudhi kama diski ya saa mbili isiyo na sura, ukitaka sehemu ya mwisho unakaa umeshikilia kitufe cha kupeleka mbele. DVD inaruhusu mpaka sura 99 kwa kila kichwa, kwa hiyo nafasi ipo. Manukuu ya SRT (faili la maandishi ya manukuu) nayo unayaongezea hapo hapo, programu inayageuza kuwa picha kwa sababu deki haisomi maandishi ya kawaida, inabandika picha ndogo za rangi nne tu juu ya video, ndo maana manukuu ya DVD huwa yana sura ile ile ya kizamani.

Ukimaliza chagua kutengeneza faili la ISO kwanza, yaani diski nzima ndani ya faili moja, usichome moja kwa moja. Sababu ntaieleza chini.

HandBrake watu wanaitaja sana, ni programu nzuri kweli, ila yenyewe inaenda upande mwingine, inatoa MP4, MKV na WebM, haitengenezi DVD. Usipoteze jioni yako kutafuta kitufe ambacho hakipo.

Njia ya amri: ffmpeg na dvdauthor

Hii ndo ninayoipenda mimi kwa sababu unajua kila kinachofanyika, na ukiwa na video nyingi ni kunakili mstari na kubadilisha jina tu. ffmpeg ni programu ya kugeuza video kwa kuandika amri, na ina kitu kinaitwa target ambacho kinakuwekea sheria zote za DVD kwa neno moja, ukubwa wa picha, fremu, sauti ya 48 kHz ya AC-3, kikomo cha bitireti, mpaka umbali kati ya fremu kamili. Mfano wa PAL ya saa 2:

ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4800k -b:a 192k harusi.mpg

Kwa NTSC badilisha pal-dvd iwe ntsc-dvd basi. Ule ugonjwa wa fremu zinazobadilika nao unatibika hapa hapa maana target inalazimisha fremu namba moja mwanzo mwisho. Ukitaka mizunguko miwili endesha amri hiyo hiyo mara mbili, ya kwanza ongeza -pass 1 kabla ya jina la faili la mwisho, ya pili weka -pass 2, na ongeza -y ili isikuulize kama iandike juu ya faili lililopo. Kwa ile nusu picha ya saa 4, kama video yako ni ya 4:3, weka -aspect 4:3 na -b:v 2300k, alafu ongeza -s 352x576 baada ya target.

Sasa kuhusu umbo la picha. Nukta za DVD sio mraba, picha ile ile ya 720 kwa 576 ndo inavutwa kuwa 16:9 au 4:3 kutegemea na alama iliyomo ndani ya faili. Ukikosea alama watu wote wanakuwa wembamba kama mianzi au wanene wafupi. Video ya simu iliyorekodiwa simu ikiwa imelala ni 16:9 haina shida, shida ni ile iliyorekodiwa simu ikiwa imesimama, ukiipitisha kwenye amri ya juu bila maelekezo inavutwa mpaka inajaa TV nzima, uso wa mtu unakuwa kama umepigwa pasi. Kwa hizo weka hivi, ni ndefu lakini inakubali umbo lolote:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf "scale=1024:576:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1024:576:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,scale=720:576,setdar=16/9" -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4800k -b:a 192k simu.mpg

Inachofanya ni kuipunguza picha ienee kwenye fremu ya 16:9, kujaza weusi pembeni, alafu kuibana kwenye ukubwa wa DVD. Kwa NTSC weka 854:480 pale penye 1024:576 na 720:480 pale penye 720:576, na target ibadilishe pia. Kama una vipande vingi vya simu tofauti na kimoja kinapiga kelele kingine kinanong'ona, ongeza -af loudnorm, inavisogeza vifanane, aliyeshika rimoti atakushukuru.

Ukishapata faili la mpg sio mwisho, bado ni faili tu. Kazi ya kulipanga kuwa VIDEO_TS anaifanya dvdauthor, kwa Linux au Mac andika:

export VIDEO_FORMAT=PAL
dvdauthor -o DISKI -t -c 0,10:00,20:00,30:00 harusi.mpg
dvdauthor -o DISKI -T

Mstari wa kwanza (kama diski ni ya NTSC andika NTSC pale penye PAL) ukiusahau matoleo mengine yanagoma katikati, na namba baada ya -c ndo sura zako. Mstari wa mwisho wenye T kubwa unamalizia ukurasa wa mbele wa diski, bila huo deki haioni kitu. Alafu geuza folda iwe ISO:

mkisofs -dvd-video -o harusi.iso DISKI

Kwenye Linux nyingine programu hiyo inaitwa genisoimage, maneno mengine ni yale yale. Hilo neno dvd-video usilitoe, ndo linalopanga faili kwa mfuatano ambao deki inautegemea, na ndo tofauti kati ya diski inayocheza kila mahali na ile inayocheza kwenye kompyuta tu.

Jaribu kabla ya kuchoma

Sababu ya kutengeneza ISO kwanza ni hii, unaifungua kwenye VLC, programu ya kuchezea video, na kuitazama kama diski kabisa. Bofya menyu zote, ruka sura zote, nenda dakika za mwisho kabisa uangalie kama sauti na mdomo bado viko pamoja. Kosa likionekana hapa unarekebisha bure, likionekana baada ya kuchoma diski imeenda na maji. Kama una diski ya kufutika, DVD-RW, choma hiyo kwanza ukaijaribu kwenye deki yenyewe, ila ujue deki nyingine za zamani hazizipendi RW, zikigoma sio lazima iwe kazi yako ni mbovu.

Kuchoma kwenyewe kwa Windows tumia ImgBurn, kwa Linux kuna K3b na Brasero au growisofs kwa amri. Chagua kuandika faili la ISO kama picha ya diski, usilidondoshe lile faili la ISO ndani ya diski kama data, maana utakuwa umerudi pale pale tulipoanzia. Laptop nyingi za siku hizi hazina tundu la diski, kichomeo cha nje cha USB kinafanya kazi vizuri tu ila kichomeke moja kwa moja kwenye laptop, usikipitishe kwenye kigawanyo kisicho na umeme wake, umeme ukipungua katikati diski inakufa.

Spidi chagua ya kati, 4x au 8x kwa diski iliyoandikwa 16x. Funga programu nyingine nzito na uiache imalize mpaka kufunga diski, diski isiyofungwa inasomeka kwenye kichomeo kilichoiandika lakini deki inaweza isiione kabisa. Weka alama ya tiki pale pa kuhakiki baada ya kuchoma. Kuhusu DVD-R na DVD+R, deki za zamani sana zimezoea zaidi DVD-R kwa sababu ndo iliyotangulia, kwa hiyo kama hujui deki ya mlengwa ni ipi chukua hiyo. Za tabaka mbili mi naziepuka, ni ghali zaidi, zinafeli zaidi, na pale leza inapohama kutoka tabaka moja kwenda jingine deki nyingi zinasita kidogo.

Ikigoma

Kama inacheza vizuri mwanzo alafu inaganda ganda dakika za mwisho, jua diski inaandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na kwenye diski duni ukingo ndo sehemu mbovu kuliko zote. Punguza bitireti kidogo usiijaze mpaka pomoni, au badilisha aina ya diski. Inaganda popote penye vurugu basi ni bitireti imezidi. Picha nyeusi na nyeupe au inapanda panda juu ni TV haielewi mfumo, umempa NTSC mtu wa PAL au kinyume chake. Picha ipo sauti hamna, angalia kama umeweka AC-3 kweli na sio AAC ile ya kwenye MP4. Deki haioni diski kabisa, rudi kaangalie kama folda ya VIDEO_TS iko juu kabisa ya diski, sio ndani ya folda nyingine, hilo linatokea sana.

Kuna deki zenye alama ya DivX usoni au zenye tundu la USB, hizo zinasoma faili za AVI kutoka kwenye diski ya data, na hapo unaweza kujaza zaidi ya saa 6 kwenye DVD moja kwa amri hii:

ffmpeg -i video.mp4 -c:v mpeg4 -vtag xvid -vf scale=640:-2 -b:v 1500k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 video.avi

Ni nzuri kwa mkusanyiko wako wa nyumbani, ila kwa diski ya kumpa mtu mwingine usiitegemee, hujui deki yake ina alama hiyo au haina. Na kama mlengwa ana deki ya Blu-ray na wewe una kichomeo chake, diski ya tabaka moja ina GB 25 na inapokea H.264 ya 1920 kwa 1080, mara nyingi unapanga tu kwa programu ya tsMuxeR bila kubana upya, ilimradi video ifuate sheria za Blu-ray.

Diski ikishakubali iandike jina kwa kalamu ya wino wa maji, usibandike karatasi ya gundi, ikianza kubanduka upande mmoja diski inayumba ikizunguka na joto la deki linaikunja. Ihifadhi imesimama kwenye kasha, mbali na jua. Lile faili la ISO litunze kwenye hadi disiki pamoja na video ya asili, akija ndugu anataka nakala yake ni kuchoma tu dakika chache.